Makanisa ya Mwamba ya Lalibela

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ndani ya bwalo la shule. Yanachapishwa kwa maombi ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita.)



 

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya safari yangu ya Ethiopia. Alinipa dakika 20, akanisihi nisizipite kwa sababu baada yangu iko ajenda ya fedha. Nitajitahidi. Lakini nasema mapema kwamba mazungumzo yangu na ajenda hiyo ni ndugu wa tumbo moja, kama mtakavyoona.

Kwa wasionifahamu, nilikuwa mhandisi wa maji kwa miaka 31. Kazi yangu ilikuwa mabomba, matangi na mifereji. Nilipokuwa kidato cha pili hapa, kitabu chetu cha historia kilikuwa na picha ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kanisa lililosimama ndani ya shimo. Mwalimu alituambia kuwa kanisa lile halikujengwa, bali lilichongwa. Nilisema moyoni kwamba iko siku nitakwenda kuliona. Siku hiyo ilifika nilipokwisha staafu, mwezi wa Januari 2020.

Nchi yenyewe si ngeni kwetu. Wazee wa pwani waliiita Uhabeshi. Ndugu zangu Waislamu wanaijua tangu chuoni, kwa habari za Najashi, mfalme Mkristo aliyewapokea wafuasi wa Mtume waliokimbia mateso ya Makka katika karne ya 7. Hata lugha ina harufu ya nyumbani. Katika Kiamhari sahani ni "sahin", na bahari ni "bahir". Neno "bete", linalotangulia jina la kila kanisa, maana yake ni nyumba, nalo ni ndugu wa "ubeti" wetu wa ushairi. Na jambo lililonifurahisha kuliko yote ni saa. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Mwenyeji aliponiambia tukutane saa kumi ya usiku, nilijua papo hapo ni wakati gani. Wazungu waliokuwa hoteli moja nami walikaa wakitoa na kujumlisha kwa vidole.

Lalibela iko katika milima ya Lasta, kilometa zipatazo 645 kutoka Addis Ababa. Nilikwenda kwa ndege ndogo iliyotua bondeni, kisha gari likapanda milima kwa njia ya kuzunguka-zunguka hadi mjini. Mji uko kwenye kimo cha mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani umeipita Lushoto kwa zaidi ya mita 1,000. Siku ya kwanza kila ngazi ilinidai pumzi.

Zamani mji ule uliitwa Roha. Jina la sasa ni la mfalme wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Wenyeji husimulia kuwa alipozaliwa kundi la nyuki lilimzunguka, mama yake akalia kwamba nyuki wamemtambua mfalme wao, na hiyo ndiyo maana ya jina Lalibela. Mwaka 1187 Salahuddin aliutwaa mji wa Yerusalemu. Wahabeshi husema kwamba mfalme aliamua kuwapa watu wake Yerusalemu nyingine nyumbani. Kweli, hapo utakuta Golgotha, utakuta Bethlehemu, na mkondo wa maji unaokauka kiangazi unaitwa Yordani.

Makanisa yako 11. Kundi moja liko upande mmoja wa huo mkondo wa Yordani, kundi la pili upande mwingine, na moja, la Mtakatifu Giyorgis, liko peke yake. Mwaka 1978 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, miongoni mwa mahali 12 pa kwanza kabisa kuandikwa humo.

Sasa vijana mnaosoma ufundi, sikilizeni jinsi kazi ilivyofanyika. Sisi tukijenga, tunaanza na msingi na kumaliza na paa. Karne zile zile wenzetu wa Kilwa walikuwa wakijenga Msikiti Mkuu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, jiwe juu ya jiwe. Kule Lalibela mafundi walianza na paa wakamaliza na sakafu. Mwamba wa pale ni mwekundu, uliotokana na volkano, na hukubali patasi. Walichimba handaki pande zote nne hadi likabaki bonge moja la jiwe katikati. Kisha wakalitoboa madirisha na milango, wakaingia ndani, wakaondoa jiwe wasilolihitaji na kuacha wanalolihitaji: nguzo, matao, dari, madhabahu. Alama za patasi bado zinaonekana kutani.

Fikirini maana yake. Mwashi akikosea tofali, analing'oa na kuweka jingine. Mchongaji akiikata nguzo, imekatika, wala hakuna duka la kununua nguzo nyingine. Ilimpasa aione nyumba nzima kichwani kabla ya pigo la kwanza.

Nilitoa kalamu nikapiga hesabu juu ya kanisa la Giyorgis. Shimo lake lina zaidi ya mita 20 kila upande, na kina cha mita 12 hivi. Ukitoa kanisa lenyewe lililobaki katikati, jiwe lililoondolewa si chini ya mita za ujazo 3,500. Lori la mita za ujazo 5 lingehitaji safari 700. Hilo ni shimo la kanisa moja, na lori halikuwapo.

Wenyeji husema kuwa mchana walichonga watu na usiku wakachonga malaika. Watafiti wa siku hizi wanasema kazi ilifanyika kwa awamu, na kwamba huenda baadhi ya vyumba vilichongwa mapema zaidi, kwa matumizi mengine, kabla ya kufanywa makanisa. Mimi si mtu wa kuamua. Nilichoona ni kwamba wachongaji walijua ujenzi wa mababu zao. Kuta za Bete Amanuel zina mikanda inayotokeza na mikanda inayoingia ndani, kuiga majumba ya kale ya Aksum yaliyojengwa kwa mawe na mihimili ya mbao. Walichonga mwamba ufanane na mbao.

Mwaka 1520 ujumbe wa Wareno uliingia nchini humo, na padri wao, Francisco Álvares, akafika Lalibela katika miaka hiyo. Habari zake zilichapishwa mwaka 1540. Alipofika mahali pa kueleza makanisa haya, aliona watu wa kwao hawatamsadiki, akaapa kwa Mungu kuwa anayoandika ni kweli. Nilipokuwa nikiandika barua nyumbani nilimwelewa sana.

Aliyetuongoza alikuwa shemasi kijana mwenye shuka jeupe begani. Tulianza na Bete Medhane Alem, Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, kubwa kuliko yote, yenye urefu wa zaidi ya mita 30. Unavua viatu mlangoni. Ndani ni giza, na nguzo 28 zimesimama kwa safu. Ni humo ulimoibiwa msalaba maarufu wa dhahabu mwaka 1997. Ulikuwa umefika Ubelgiji kabla ya kupatikana na kurudishwa. Shemasi alisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa mzazi wake.

Tukaingia Bete Maryam, lililo dogo lakini limepakwa rangi dari na matao, na lina nguzo moja iliyofunikwa nguo ambayo hakuna mgeni anayeonyeshwa. Katika kundi la pili tulipita handaki lenye giza totoro. Shemasi alitwambia tuzime tochi na kutembea mkono ukutani, kwa sababu giza lile ni mfano wa jehanamu, na lazima ulionje kabla ya kutoka kwenye nuru. Mzee mmoja wa Kihabeshi nyuma yangu alikuwa akisali njia nzima.

La Giyorgis tuliliacha la mwisho. Unatembea juu ya mwamba mtupu, huoni kitu, mara ardhi inafunguka miguuni pako, na chini yake umesimama msalaba wa jiwe. Paa lake limechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Katika mashimo ya ukuta unaozunguka ua mna miili iliyokauka ya mahujaji waliotaka kulala hapo milele.

Nilikuwa nimepanga safari ili niikute sikukuu ya Genna, yaani Krismasi yao, ambayo huangukia tarehe 7 Januari. Watu hufunga kwa zaidi ya siku 40 kabla yake, bila nyama wala maziwa. Mahujaji walikuwa maelfu kwa maelfu, wote wamevaa nyeupe, wengine wametembea kwa miguu majuma mazima kutoka vijiji vya mbali, na unga wao mfukoni. Alfajiri mapadri walipanga mstari juu ya ukingo wa mwamba unaozunguka Bete Maryam, na wengine wakasimama chini uani. Wa juu wakaimba, wa chini wakajibu, kwa ngoma na kayamba za chuma, wakiyumba pamoja taratibu. Lugha yao ni Ge'ez, ambayo leo haizungumzwi sokoni wala nyumbani, ila kanisani. Nilisimama saa tatu bila kukumbuka miguu yangu.

Ndugu zangu, hayo ndiyo ambayo kila mgeni huyasimulia. Lakini mtu haachi kazi yake anapostaafu, nami macho yangu yalikuwa yakishuka chini kila mara kutafuta maji yanakwenda wapi.

Maana ukitia nyumba ndani ya shimo, umeitia ndani ya tangi. Masika ya kule huanza Juni hadi Septemba, na mvua yake si ya mchezo. Bila njia ya kutolea maji, makanisa yale yangekuwa visima. Wachongaji walilijua hilo. Nyua zina mteremko. Kuna mifereji iliyochongwa katika mwamba, na mahandaki ya kuyapeleka maji mtoni. Paa la Giyorgis lina mteremko na midomo ya mawe inayotema maji mbali na ukuta, nalo ndilo lililohifadhika vizuri kuliko mengine. Nawaambia kama mtu wa kazi hiyo: aliyeipanga mifereji ile alikuwa fundi sawasawa na aliyechonga misalaba ya paani. Ila hakuna mgeni anayempiga picha mfereji.

Sehemu nyingine maji yameshinda. Mwamba ule hunywa maji, hupasuka, huota ukoga, na uso wake huporomoka kidogo kidogo kama chumvi. Karne iliyopita palipigwa viraka vya saruji, na baadaye vingine vikabidi kuondolewa kwa kuwa havikupatana na mwamba. Mwaka 2008 yalikamilika mapaa makubwa manne ya kukinga mvua, kwa fedha za Jumuiya ya Ulaya, yakifunika makanisa matano kwa nguzo za chuma. Yalikusudiwa kuwa ya muda. Nilipofika bado yalikuwapo. Yamezuia mvua, lakini wenyeji waliogopa uzito wake na upepo, hata mwaka 2018 wakaandamana. Wako wataalamu wanaosema kuwa mwamba uliozoea unyevu nao huumia ukikaushwa mno.

Nilimwuliza shemasi yeye anaonaje. Akanijibu kwamba mapaa ni ya wakubwa kuamua, lakini iko kazi ambayo haihitaji mkutano. Kila mwaka kabla ya mvua, alisema, wao hushuka na mafagio na majembe kuzibua mifereji. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake kadhalika. Nilimwomba anionyeshe mfereji wa zamu yake. Alishangaa, maana hajawahi kuombwa hivyo na mgeni, lakini alinipeleka. Ulikuwa safi, hauna jani.

Miezi michache baada ya mimi kurudi, dunia ilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na mwisho wa mwaka ule vita ikaanza kaskazini mwa Ethiopia. Agosti 2021 wapiganaji wa Tigray waliuteka mji wa Lalibela, na Desemba serikali ikaurudisha. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Pretoria mwezi wa Novemba 2022, lakini Agosti 2023 mapigano mengine yakazuka katika mkoa ule ule wa Amhara. Wageni walikoma, na mji unaokula kwa wageni ukaonja njaa. Shemasi aliniandikia mara moja katika miaka hiyo. Alisema hana kazi ya kuongoza watu, na ameuza redio yake. Alisema pia kuwa mvua imekaribia na mfereji ameuzibua.

Sote tulifundishwa hapa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya matofali methali hiyo ni onyo la gharama: ukizembea utalipa zaidi, lakini ukuta utaupata. Kule Lalibela ukuta haujengeki. Jiwe lililoporomoka lilikuwa sehemu ya mlima, na mlima hauongezwi. Kwa hiyo waliochonga walifanya kazi ya ajabu katika maisha yao, lakini makanisa yamefika kwetu kwa sababu katika miaka 800 hapakukosekana mtu wa kufagia. Jina la mfalme tunalo. Majina ya wachongaji hatunayo, na ya wafagiaji hakuna aliyefikiri kuyaandika.

Sasa niingie kwenye undugu nilioutaja. Ajenda inayofuata inatutaka tuchague matumizi ya mchango wetu. Pendekezo la kamati ni lango jipya la shule, la matao mawili, na kibao cha mawe chenye majina ya waliochangia. Nimeuona mchoro, ni mzuri, na sina ugomvi na waliouandaa.

Lakini leo asubuhi niliomba vijana wawili wa kidato cha tatu wanitembeze. Mfereji wa bati wa bweni la zamani umeliwa na kutu, na maji ya paa lote yanamwagikia mguuni mwa ukuta. Kutoka kona ya dirisha la tatu umeshuka ufa hadi kwenye msingi. Juu unaingia wembe, chini unaingia kidole changu. Katika maktaba, rafu za upande wa mashariki zimesogezwa katikati ya chumba kwa sababu ukuta umelowa. Humo mna vitabu tulivyovisoma sisi, ambavyo havichapwi tena. Tangi la maji ya mvua lipo, zima kabisa, lakini bomba la kulijaza lilikatika, na vijana wanabeba ndoo kutoka bondeni. Hakuna hata moja katika haya lililo gumu. Ni kazi ya mabati, saruji, mabomba, na mafundi wawili kwa majuma sita. Makisio nimeyaandika na kumkabidhi Mweka Hazina. Hayafiki theluthi moja ya gharama ya lango.

Naomba basi mkutano ufikirie mambo mawili. La kwanza, fedha za mwaka huu zitengeneze mfereji, ufa, maktaba na bomba, na kitakachobaki kiwekwe akiba ya lango. La pili, katika ada yetu ya kila mwaka tutenge fungu la matunzo ambalo halitaguswa kwa shughuli nyingine. Mimi nitakuja hapa kwa nauli yangu kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya masika, kukagua mapaa na mifereji pamoja na wanafunzi, mpaka nitakaposhindwa kupanda ngazi. Yule atakayejifunza kazi hiyo kwangu ataendelea nayo.

Na ninyi vijana, mkipata siku moja nafasi na amani ikiwapo, nendeni Lalibela. Mkisha kuona misalaba, dhahabu na nguzo, mwulizeni mwenyeji awaonyeshe maji yanatokea wapi. Kisha mrudi mtwambie.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Mwisho wa jumuiko nitakuwapo nje ya bweni la zamani kwa yeyote anayetaka kuuona ufa wenyewe kabla ya kupiga kura.